Mrusho wa Mwisho wa Harpreet

Bungoma,
Jumatatu, 3 Machi 2025

Shemeji Khaemba,

Salamu kutoka Bungoma. Mimi ni Mohini, mke wa Harpreet wa duka la vipuri vya pikipiki. Tumeonana mara moja tu, siku ya harusi yetu. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu za nyumba hii zinashikwa na kila mtu, na barua hii sitaki mume wangu aione.

Jumatano iliyopita ulikuwa redioni. Redio ya duka haizimwi, wateja wanaipenda. Mtangazaji alikuuliza ni mpira gani uliokutoa Matulo ukakufikisha Japani, mtu wa kwanza wa huku kwetu kulipwa mshahara kwa kucheza besiboli. Ukasema, "Ni ule niliompiga Harpreet pale Bungoma mwaka wa 2006. Alinirushia mkali wake wa mwisho, nikauambia kwaheri. Nasikia mpaka leo anautafuta!" Mkacheka, wewe na mtangazaji.

Dukani pia walicheka. Walikuwa watu sita. Fundi mmoja kutoka Misikhu akamgeukia mume wangu: "Ati Kagongwa ni wewe? Na huo mpira uliupata?" Harpreet akacheka nao. Akampimia mnyororo, akaufunga kwa gazeti, akampa. Kisha akaenda nyuma ya duka kunawa mikono. Alinawa muda mrefu sana.

Jina hilo la Kagongwa nililikuta nilipoolewa hapa. Nilidhani ni utani wa vijana, utaisha. Sasa msichana wetu Bhavika ana miaka kumi na mbili, na juzi amerudi kutoka shule akamuuliza, "Papa, ni kweli uliogopa?" Alimwambia alete kitabu cha hesabu.

Nasikia tarehe kumi Mei wanafungua uwanja wa besiboli Matulo na utaitwa kwa jina lako. Hongera, unastahili. Nasikia pia unataka Harpreet asimame mbele ya watu akurushie mpira tena, ili upige tena, watu wapige picha. Shemeji, nakuomba, usimwite. Ukimwita atakuja. Hajawahi kukukatalia kitu, na sijui ni kwa nini.

Usimwambie nimeandika.

Mohini

*

Kitale,
Jumapili, 9 Machi 2025

Shemeji Mohini,

Barua yako imefika. Mimi niko salama, na mahindi tunangojea mvua tu.

Nasikitika kama uliumia. Lakini hebu nikueleze, kwa sababu wewe hukuwepo. Mchezo ni mchezo. Mmoja anarusha, mwingine anapiga, na jioni wanakunywa soda pamoja. Mimi nimepiga mipira thelathini na saba nje ya uwanja kule Japani, na kila mpira ulikuwa na mrushaji wake. Hakuna hata mmoja ambaye mke wake ameniandikia barua. Redio iliniuliza swali, nikajibu jinsi watu wanavyopenda kusikia.

Kuhusu tarehe kumi, umechelewa kidogo. Mwaliko nilimtumia Harpreet wiki jana, na fulana yenye jina lake mgongoni. Ni heshima. Wangapi wanapata heshima kama hiyo? Watu wa kaunti watakuwepo, wazee wa Matulo watakuwepo, mama yangu atakuwepo. Harpreet na mimi ni marafiki tangu kabla hujamjua. Akitaka kukataa, ana mdomo.

Mwambie Bhavika babake hakuogopa. Hilo naweza kuliapia mahali popote.

Wako shemeji,
Khaemba

*

Bungoma,
Jumamosi, 15 Machi 2025

Mulembe, Khaemba,

Fulana imenitosha, isipokuwa tumboni. Asante. Nitakuja Matulo. Bega la kushoto halipandi kama zamani, lakini mrusho mmoja nitaweza. Niambie tu unataka upi: wa kweli, ama ule mwingine?

Usikasirike, natania. Ni mara ya kwanza natania juu ya jambo hili, na nimelazimika kufunga mlango wa stoo ndipo niandike. Miaka kumi na tisa hatujalitaja, mimi na wewe. Hata siku ya harusi yangu tuliongea juu ya bei ya mbolea.

Juzi nilikusikia redioni. Usijali, sikukasirika. Ungesema nini tena? Ungewaambia ulikuja dukani kwa baba siku moja kabla ya mechi, umevaa shati la kuazima, ukaniita nje karibu na mitungi ya gesi? Nakumbuka ulivyosema. "Harpreet, kesho kuna mgeni kutoka Japani. Amekuja kunitazama mimi. Nafasi ni moja. Na mrushaji ambaye sijawahi kumpiga katika mkoa huu wote ni wewe. Nirushie mmoja tu wa kupigika." Hukunipa kitu, na mimi sikukuomba kitu. Nilikuangalia tu viatu, nikasema sawa.

Mbogo alikuwa mdakaji wangu, amechuchumaa nyuma yako. Aliniashiria kwa vidole nirushe mpira wa kupinda. Nikatikisa kichwa kukataa. Akaashiria tena. Nikatikisa tena. Aliniangalia kama mtu ameona nyoka. Kisha nikakurushia ulionyooka, katikati, laini kama andazi.

Tulikuwa tunaongoza, Khaemba, na mpira ule mmoja ukatutoa. Tungeenda fainali Nairobi, na hakuna timu ya Bungoma iliyokuwa imefika huko. Wenzangu nane walilala kwenye nyasi wakilia. Nililia nao. Mbogo alinishika bega akasema, "Mkono ulikuponyoka, bana, yaishe." Mpaka leo akipita dukani kutoka Misikhu ananiambia hivyo: mkono ulikuponyoka. Huwa nasema ndiyo.

Sijamwambia Mohini. Sijamwambia mtu. Nakuomba iwe hivyo hata tukifa.

Nakuambia haya ili ujue sina kinyongo na jina la Kagongwa. Nilipowauza wenzangu nilijua ninalofanya, na kila niliposikia umepiga mpira mwingine huko Japani nilisema, angalau haikupotea bure, aliyefaa kwenda amekwenda. Hilo ndilo linanifanya nilale usingizi.

Wasalimie watu wa Kitale.

Ndugu yako,
Harpreet

*

Kitale,
Jumatano, 2 Aprili 2025

Ndugu Harpreet,

Barua yako nimekaa nayo siku kumi na tano. Nimekupigia simu mara tatu. Ulishika, ukasema "haloo, vipuri", nikakata. Ile namba usiyoijua ni yangu, nimebadilisha laini.

Umeandika kwamba aliyefaa kwenda alikwenda. Hapo ndipo nilipokwama. Ningeweza kunyamaza, nimenyamaza miaka yote, lakini sasa umeniandikia neno ambalo nikilinyamazia nitakuwa nimekuibia mara ya pili. Kwa hivyo soma polepole, na usisome mbele ya wateja.

Unamkumbuka Mwalimu Hamano, yule Mjapani aliyekuwa akitufundisha sisi wa timu ya Kitale. Alhamisi ya wiki ile aliniita ofisini. Alijua naenda nyumbani Matulo na kwamba Bungoma si mbali. Akaniambia, "Khaemba, pitia kwa yule kijana wa mkono wa kushoto. Mwambie mgeni anakuja Jumamosi kumtazama yeye. Wanatafuta mrushaji. Mwambie alale mapema, asile vitu vya mafuta, arushe kama anavyorusha siku zote." Akanipa na nauli.

Amekuja kumtazama yeye. Wewe, Harpreet. Mimi nilikuwa tarishi.

Sikupanga nilipotoka Kitale. Nakuapia. Mpaka Webuye nilikuwa na ujumbe wako mdomoni vile nilivyopewa. Nililala Matulo. Asubuhi mama alinipa chai bila sukari akaniuliza, "Na hiyo kazi ya kupiga mpira inaisha lini uanze kazi?" Nikaenda kuazima shati kwa jirani. Nilipofika mlangoni kwa baba yako nikakuona juu ya ngazi unapanga mataa ya pikipiki, una duka, una baba, una kila kitu nikadhani. Nikafungua mdomo na maneno yakatoka yamegeuka. Nilijisikia nikiyasema. Ningeweza kuyarudisha, tulikuwa bado tumesimama pale. Ukasema sawa upesi sana.

Baada ya mechi mgeni alimwambia Hamano, "Yule mrushaji anavunjika mechi ikiwa ngumu. Huyu mpigaji nitamchukua." Hamano alinitafsiria akifurahi. Nikafurahi naye.

Na kama unafikiri angalau sikuiharibu nafasi, hata hapo nimedanganya. Mipira thelathini na saba ni kweli, lakini ishirini na tisa niliipiga miaka mitatu ya kwanza. Baada ya hapo kila timu ilijua: mrushie Mkenya mpira wa kupinda kwa mkono wa kushoto, anakaa chini. Warushaji wa kushoto wako wengi huko. Miaka mitano ya mwisho nilikuwa wa kubeba mifuko na kuwasaidia wengine mazoezini. Walinilipa, walinipa kofia, na watoto waliomba sahihi yangu kwa sababu sikufanana na mtu mwingine pale. Nilirudi Kitale nikawapa watu ile miaka mitatu, na hiyo mitano nikaizika.

Sijui naomba nini. Labda nisiombe.

Khaemba

*

Bungoma,
Jumatatu, 14 Aprili 2025

Shemeji Khaemba,

Umemwandikia nini mume wangu?

Barua ililetwa dukani Jumatatu iliyopita. Aliisoma akiwa amesimama nyuma ya kaunta. Mteja alikuwa anaulizia plagi na Harpreet hakumsikia. Nikamhudumia mimi. Nilipogeuka alikuwa ameingia stoo. Nikamfuata, nikamkuta ameketi juu ya tairi, na barua haikuwa mkononi. Nikamuuliza, "Nani amekufa?" Akasema, "Hakuna mtu. Nipe dakika."

Zimekuwa siku saba hizo dakika. Anakula, anafungua duka, anaenda gurudwara kusali, anarudi. Bhavika alimwonyesha cheti chake cha shule akasema "vizuri" bila kukitazama. Jana jioni nilimwona uani anarusha mawe kwenye ukuta kwa mkono wa kushoto. Karibu mawe thelathini. Sijawahi kumwona akirusha kitu tangu anioe. Shemeji, mimi si mtu wa michezo, lakini yale mawe yalikuwa yanagonga mahali pamoja.

Fulana yako ameikunja akaiweka kwenye mfuko wa plastiki. Amesema haji Matulo.

Nilikuomba umwache. Nadhani badala yake umemfanyia jambo baya kuliko lile, na hakuna anayetaka kuniambia ni jambo gani.

Mohini

*

Kitale,
Jumatatu, 12 Mei 2025

Ndugu yangu Harpreet,

Nimefanya. Labda umeshasikia, lakini nataka uisikie kutoka kwangu.

Juzi Matulo walikuwa watu kama mia nne. Mahema, kwaya, watoto wa shule wameshika magongo mapya. Kibao kilikuwa kimefunikwa kitambaa, tayari kufunuliwa. Mtu wa kaunti akanisifu nusu saa. Akasema mimi ni nyundo ya Matulo, akasema nilimvunja mrushaji mkali kuliko wote magharibi. Watu wakapiga makofi, nami nikaona siwezi kukaa ndani ya shati langu.

Nikachukua maikrofoni. Nikasema, "Nyamazeni kidogo. Hakunirushia mpira mkali. Nilimwomba anirushie laini, na alinihurumia. Na hata nafasi ya Japani haikuwa yangu, ilikuwa yake. Nilitumwa nimwambie, nikageuza maneno."

Kwanza walicheka, wakidhani ni utani. Nikarudia. Mtu wa kaunti alinishika mkono akaninong'oneza, "Mzee, umechoka, keti." Nikaendelea. Nilieleza yote: shati, ngazi, Mbogo kuashiria, wewe kutikisa kichwa. Redio ilikuwa pale inarusha moja kwa moja, kwa hivyo Bungoma nzima imesikia. Mama alikuwa mstari wa mbele. Alijifunika uso kwa leso. Alipoondoka alishikiliwa na dada yangu, na mpaka sasa hajashika simu yangu. Kibao hakikufunuliwa. Wamesema uwanja utaitwa Uwanja wa Matulo basi.

Mimi ni mtu aliyeaibika, lakini, ndugu, nilipofika Kitale nililala mpaka saa tatu asubuhi. Jina la Kagongwa limekwisha. Hakuna mtu atakayekuita hivyo tena. Nimekusafisha.

Niandikie.

Khaemba

*

Bungoma,
Jumanne, 20 Mei 2025

Khaemba,

Ndiyo, hawaniiti Kagongwa tena. Kuanzia Jumamosi ile wananiita Muuzaji.

Ulilala mpaka saa tatu. Nimefurahi. Mimi nilikuwa dukani, redio iko wazi, Mohini yuko kwenye kaunta, Bhavika ameketi kwenye kiti cha plastiki anakula njugu. Wateja walikuwa wanne. Nilikusikia ukisema "Mbogo akaashiria, Harpreet akatikisa kichwa" na nikainuka kuizima. Mohini akaniambia, "Wacha." Hivyo ndivyo mke wangu alivyojua. Miaka kumi na tano nimelala karibu naye na siri yangu, akaisikia kwa spika pamoja na mtu aliyekuja kununua tyubu.

Nilikuandikia kwamba iwe hivyo hata tukifa. Ilikuwa kwenye karatasi, kwa mwandiko wangu. Uliisoma siku kumi na tano. Halafu ukaona ni vizuri kuwaambia watu mia nne jambo lako na langu pamoja, kwa sababu lako lilikuwa limekulemea. Lako ungelisema. Ujumbe wa Hamano ulikuwa wako, ulikuwa na haki nao. Lakini mrusho ule ulikuwa wangu. Mimi ndiye niliyewauza wenzangu, na ni mimi niliyepaswa kwenda kwa kila mmoja wao nikiwa na miguu yangu, hata kama nilichelewa miaka kumi na tisa. Umeninyang'anya hilo pia. Unachukua vitu vyangu, Khaemba, kisha unaniletea habari kama zawadi.

Jumapili nilifunga duka nikaenda Misikhu. Mbogo ana kiosk ya nafaka karibu na soko. Aliniona nikija kwa mbali, akaendelea kupima maharagwe. Nilisimama kama saa nzima. Wateja wakaisha. Akaniambia, "Nilijua." Nikamuuliza, ulijua lini? Akasema, "Ulipotikisa kichwa mara ya pili. Nimekuwa nakuambia mkono ulikuponyoka ili siku moja uniambie haukuponyoka. Kila nikipita dukani nakupa nafasi, na wewe unasema ndiyo."

Kisha akalia, mtu mzima, mikono imejaa maharagwe. Sikujua mahali pa kuweka macho.

Wenzetu waliobaki huku ni watano: Mbogo, Kemboi, Kimotho, Jairus na Wanyonyi. Mbogo amewaita nyumbani kwake Jumamosi tarehe saba Juni, saa tano. Kemboi atatoka Suam, anakofanya biashara ya mpakani. Mbogo amesema na wewe uje, ingawa hukuwa wa timu yetu. Ametuma masharti. Usije na hotuba. Usije na zawadi. Usije na mtu wa redio. Uketi utakapoambiwa, usikie, na usifungue mdomo mpaka uulizwe.

Mimi sijakusamehe. Nimejaribu, kwa sababu Mohini ameniambia nijaribu, na haikuja. Ukitaka kuja, uje ukijua hivyo.

Harpreet

*

Kitale,
Jumatatu, 9 Juni 2025

Shemeji Mohini,

Umeniuliza kwa simu ni nini kilitokea Misikhu, kwa sababu Harpreet alirudi, akala sahani mbili, akalala bila kusema neno. Nilikuambia nitaandika. Kwa simu nisingeweza. Na kwanza, yale niliyokuandikia Machi kuhusu mdomo wa mume wako na heshima ya fulana, nakuomba uyachome.

Nilifika saa nne na nusu nikangoja barabarani mpaka saa tano. Mke wa Mbogo alinionyesha kiti karibu na mlango, mbali na wengine. Hakuna aliyenipa mkono. Harpreet alikuwa ameketi katikati yao, na yeye pia walikuwa hawajamsamehe, nilivyoona. Lakini yeye alikuwa ameketi katikati.

Walisema mmoja mmoja. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Hakuna aliyenitukana. Waliongea kama watu wanaoeleza njia. Kimotho alisema babake aliuza mbuzi wa mwisho amnunulie viatu vya fainali, na baada ya kushindwa alimwambia aache ujinga. Viatu vilivaliwa shambani. Wanyonyi alisema aliacha mchezo siku ileile. Jairus alisema yeye ndiye aliyekimbia nyuma ya mpira ule mpaka ng'ambo ya ua, akaumia goti kwa waya, na miaka yote amejilaumu kwamba angekimbia upesi zaidi angeudaka. Alipandisha suruali akanionyesha kovu. Akaniuliza, "Ulijua kuna mtu anakimbia?" Nikasema sikutazama nyuma. Nilikuwa nazunguka vituo, mikono juu.

Harpreet aliwaambia ya kwake, yote, akiwa amesimama. Hakunitaja hata mara moja. Angeweza kusema, "Khaemba alinidanganya," na lingekuwa kweli. Alisema, "Niliulizwa, nikakubali, na sikuwauliza ninyi." Nilitamani anitaje. Kutotajwa kulinichoma kuliko yote yaliyosemwa pale.

Kemboi alikuwa wa mwisho. Yeye si mtu wa maneno. Akanigeukia akaniuliza, "Khaemba. Angekurushia ule Mbogo aliotaka, wa kupinda. Ungeupiga?"

Shemeji, nimeulizwa maswali na magazeti, na redio, na watoto wa shule. Swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza, kwa sababu kila mtu alidhani ndio nilioupiga. Nami nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kusema, mchezo hautabiriki. Ningeweza kusema, siku ile nilikuwa na nguvu. Nikawaona wanangoja, na Harpreet alikuwa anatazama sakafu.

Nikasema, "Nisingeupiga."

Mbogo akasema, "Sema tena. Jairus hasikii vizuri sikio la kulia."

Nikasema tena, kwa sauti. "Nisingeupiga. Nilisimama mbele yake mara kumi na mbili kwa miaka miwili na sikuwahi kuugusa. Hata Japani sikuwahi kujifunza kuupiga. Alikuwa mkali kuliko mimi. Siku ile, na siku zote."

Hapo Harpreet aliinua uso. Sikuona furaha. Alikuwa kama mtu aliyeitwa kwa jina lake baada ya muda mrefu na hana hakika kama ni yeye anayeitwa. Kimotho alimpiga mgongo kidogo, mara moja. Kisha mke wa Mbogo akaleta ugali na kuku, na mimi nikapewa sahani ya mwisho, lakini nikapewa.

Wakati wa kuondoka Harpreet alinisindikiza mpaka barabarani. Gari lilipokuja alisema, "Fika salama." Hakusema ndugu. Nilikaa dirishani nikamtazama akirudi kwa wenzake, na nikaona aibu yangu haijapungua hata kidogo, ila sasa naijua ukubwa wake.

Mama bado hashiki simu. Kesho naenda Matulo kwa miguu yangu.

Bhavika aliuliza kama babake aliogopa. Hilo nililijibu kwa ujeuri mara ya kwanza, sasa nalijibu vizuri. Mwambie aliyeogopa alikuwa upande wa pili, ameshika gongo.

Khaemba